Njia ya Msumeno

Nyumba ya mama haikuwa na paa wiki ile, na mimi ndiye niliyesema mbao zitatosha. Paa la zamani lilikuwa limeoza. Fundi alilishusha Jumatatu, mabati yakaegemezwa ukutani, na mama akahamishia kitanda chake jikoni, kile kijumba cha mabanzi alichopikia tangu nikiwa mtoto. Ilikuwa mwisho wa Machi. Kule kwetu Elburgon mvua ya masika haibishi hodi. Asubuhi unaona ukungu umeshuka kutoka msitu wa Mau, na mchana tayari matope yamekufika kwenye kifundo cha mguu. Fundi alikuwa amesema atarudi Jumatatu inayofuata kulipandisha paa jipya, na akishapita hapo ana kazi ya mwezi mzima kule Keringet. Kwa hivyo mbao zote zilipaswa kuwa zimepasuliwa kufikia Jumamosi.

Mbao zenyewe zilikuwa bado magogo. Baba alikuwa na saiprasi saba alizozipanda mwenyewe kwenye mpaka wa shamba mwaka nilioanza shule, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwafukuza watu waliokuja kuziulizia. Alikuwa amezitunza kwa ajili ya paa la mke wake. Zikakatwa, zikapelekwa kwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi maisha yake yote, zikachongwa pande nne mpaka kila gogo likawa na uso wa mraba au wa karibu mraba kwenye ncha, urefu futi kumi na nne. Miti mingine hatukuwa nayo. Fundi aliacha orodha ya vipande sitini na viwili: vya inchi sita kwa mbili, nne kwa mbili na tatu kwa mbili. Baba alizunguka yale magogo saba mara mbili, mikono nyuma.

"Itakaribia," alisema. "Lakini sijui kama itafika."

"Wacha nipige hesabu na computer," nikadakia.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Mimi nina ugonjwa wa kudakia. Nafundisha uandishi wa programu kwenye chuo kidogo mjini Nakuru, nimepanga chumba Kaptembwo, na nikisikia mtu akisema "sijui kama itafika" mikono inaniwasha. Mafumbo ndiyo starehe yangu. Kuna lile la kuweka malkia wanane wa sataranji kwenye ubao ulio na miraba sitini na minne bila mmoja kumtazama mwenzake. Kuna lile la kujaza tarakimu kwenye vyumba themanini na kimoja zisirudiane. Yote hayo nayatatua kwa mbinu moja, nayo nawafundisha wanafunzi wangu kila muhula, kwa lugha ya Python, mpaka wananiita Mwalimu Rudi Nyuma nikiwa nimegeukia ubao.

Mbinu yenyewe ni rahisi kama kutafuta ndama aliyepotea msituni. Unafika njia panda, unachagua njia moja. Ukiona imeishia kwenye miiba, unarudi mpaka pale panda, unashika nyingine. Zikiisha zote, unarudi panda ya nyuma yake. Hukati tamaa na hupiti njia moja mara mbili. Kwenye programu yangu kulikuwa na amri mbili tu za maana, nilizozipa majina ya Kiswahili: weka na ondoa. Weka kipande hiki kwenye kona ya gogo. Kimeenea? Weka kinachofuata. Hakuna kinachoenea? Ondoa cha mwisho, jaribu kingine mahali pake. Programu inaweza kukosea maelfu kwa maelfu ya mara kabla chai yako haijapoa, na baada ya kila kosa gogo linarudi zima kama halijaguswa. Nikisema ukweli, niliipenda kazi hii kwa sababu ya ule mstari wa ondoa, na sababu ya kuupenda nitaieleza muda si mrefu.

Niliiandika programu alasiri mbili mfululizo, Alhamisi na Ijumaa, kwenye darasa tupu la chuo baada ya vipindi. Niliipa vipimo vya nyuso saba za magogo na orodha ya fundi. Mara ya kwanza ilizunguka dakika ishirini bila jibu. Nikaifundisha ianze na vipande vikubwa, maana vidogo hupata pa kujibana. Ijumaa saa kumi na moja jioni jibu likatoka: magogo saba, vipande sitini na viwili, karibu kila uso umejaa ukingo kwa ukingo. Nilicheka peke yangu. Nikampigia mama simu nikamwambia paa lake limeshapatikana, hata na baraza ya mbele ambayo alikuwa akiiota tangu aolewe, mahali pa kukaa jioni akichambua mboga huku akiona barabara. Mama akapiga vigelegele simuni mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Jumamosi asubuhi nilifika Elburgon nikiwa na laptopu mgongoni na karatasi saba, moja ya kila gogo. Sikuwa nimekanyaga ndani ya kiwanda kile tangu nikiwa darasa la nne. Nikija nyumbani huwa napita kwa nje, nasikia msumeno ukilia, naongeza hatua. Siku hiyo niliingia kwa sababu baba alinihitaji, na alinihitaji kwa sababu ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, la kushoto limeshakuwa kama kioo chenye mvuke. Daktari alimwekea siku ya upasuaji ya mwezi wa sita. Baba alikuwa hajamwambia mtu kiwandani. Aliniambia mimi tu, kwa simu, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Wewe utakuwa unanisomea inchi," alisema. "Mimi nitapanga chuma na kusukuma. Mikono iko sawa."

Kwenye meza ya msumeno kuna chuma kirefu kinachosogezwa ili kupanga upana wa ubao. Baba aliweza kukipanga kwa kupapasa. Kilikuwa na alama za inchi zilizochongwa, na kidole gumba chake kilizijua kuliko macho yake yalivyowahi kuzijua. Ila mistari ya chaki hakuiona tena. Niligundua hilo nilipokuwa nikichora alama kabla ya kazi kuanza, nilipofika kwenye gogo la tatu, lile kubwa kuliko yote, ambalo alikuwa amejaribu kuliwekea alama mwenyewe kabla sijafika. Alikuwa amechora kwa makaa kwenye uso wake, kama alivyozoea, na kila mstari alikuwa ameuchora mara mbili. Mistari miwili miwili, imeachana kidogo, uso mzima. Nilijua macho yake ni mabaya, lakini sikujua anaona kila kitu mara mbili. Nikatema mate kwenye kitambaa, nikaifuta mistari yake yote kimya kimya, nikachora ya kwangu, mmoja mmoja, iliyonyooka kutoka kwenye karatasi.

"Umehesabu kila kitu?" baba aliniuliza akivaa aproni yake ya ngozi.

"Kila kitu, baba."

"Sawa, mami." Ananiita mami kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Halafu akasema neno ambalo baadaye lilinikaa kooni: "Mimi nitafuata wewe tu."

Mtu wa tatu pale alikuwa mzee mwenye kiwanda, rafiki wa baba tangu ujana wao. Kazi yake ilikuwa kusimama upande wa pili wa meza na kupokea ubao unapotoka. Yeye ndiye aliyewasha mashine. Meza ikatetemeka, bamba la meno likazunguka mpaka likapotea kabisa machoni, na ule mlio ukapanda.

Kiwandani kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Mtu aliye kwenye msumeno haitwi. Hata nyumba ikiungua, haitwi, haguswi bega, hapigiwi mluzi. Ukimwita anageuza kichwa, na kichwa kikigeuka mikono hufuata. Ukitaka asimame, unachota unga wa mbao kwa kiganja na kuurusha juu ya gogo mbele yake, pale macho yake yalipo. Akiuona unga umetua pale, anainua mikono yote miwili na kurudi nyuma hatua moja kabla hajakutazama. Kila mtu wa pale anaijua hiyo. Mimi nilikuja kuijua nikiwa nimechelewa.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa siku ya kufunga shule, na nilikuwa nimetoka mbio na fomu yangu ya ripoti mkononi. Nilipita kwenye pengo la ua, nikamwona baba mgongo, nikaita kwa nguvu zangu zote: "Baba!" Aligeuza kichwa. Yaliyofuata sitayasimulia, ila vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilibaki pale. Watu walikimbilia kwake, hakuna aliyeniangalia. Nikaichimbia ile fomu ndani ya rundo la unga wa mbao nyuma ya kiwanda, nikaenda nyumbani nikajifunika blanketi. Hospitalini baba alisema gogo lilikuwa na fundo, likaruka. Nyumbani alisema hivyo hivyo. Kwa miaka ishirini na minne fundo hilo ndilo lililosimuliwa kwa wageni, na kila liliposimuliwa mimi niliinuka kwenda kuongeza maji kwenye sufuria. Mama aliniuliza ripoti iko wapi, nikasema imepotea. Kama baba alisikia sauti yangu siku ile, sikujua, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Ndiyo maana nilipojifunza kwamba kuna kazi duniani ambayo ukikosea unaandika ondoa na kila kitu kinarudi kilivyokuwa, nilishikamana nayo kama kupe.

Gogo la kwanza lilienda vizuri. "Mbili," nilisoma, baba akapapasa alama, akafunga chuma, akasukuma. "Mbili. Sita." Mzee alipokea na kupanga. Programu yangu ilikuwa imeacha ukanda wa kama inchi moja na nusu kwenye gogo hilo, wa kuni, na nilipouokota mwishoni niliona ni mwembamba kuliko nilivyotarajia, lakini vipande vyote vilikuwa vimetoka kamili, sasa kuni zina shida gani? Niliutupa kando. Nilianza kupumua.

Gogo la pili lilikuwa la inchi kumi, na karatasi yangu ilisema mbao tano za inchi mbili mbili, halafu kila moja ilazwe na kugawanywa. Hakuna ukanda, hakuna kuni. Mbili, mbili, mbili, mbili. Baada ya mkato wa nne mzee alizima mashine, akainua kilichobaki, akakigeuza, akakiweka mezani.

Baba akakipapasa kwa kidole gumba. Akakipapasa tena, kutoka ncha hii mpaka ile. Kilikuwa cha inchi moja.

Nilitazama karatasi. Mbili mara tano ni kumi. Nilipima kile kibao kwa tepu: inchi moja. Nikapima vile vinne: mbili, mbili, mbili, mbili, kila kimoja sawasawa. Kichwa changu kilikataa kufanya kazi. Ningekuwa darasani ningeona kosa kabla mwanafunzi hajamaliza sentensi, lakini pale, na ule ubao mwembamba mbele yangu na harufu ya utomvu iliyonirudisha darasa la nne, nilisimama kama mlingoti.

"Ni mimi," baba alisema.

"Baba, hapana, ngoja..."

"Ni mimi, mami. Ni macho." Aliyasema polepole, na mzee akayasikia. Siri aliyoificha miezi minane ilitoka hivyo tu, juu ya kibao kilichoharibika. "Nimefunga chuma vibaya mahali. Zamani singefanya hivyo." Alifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. "Leta hilo kubwa. Hilo nitapanga mara mbili mbili. Nikiharibu na hilo pia, basi, nitawaacha vijana wafanye."

Mzee alitazama chini. Niliona uso wa baba, na ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona hata hospitalini: wa mtu anayejipima na kujikuta amepungua. Nilichofanya ni kile wanachofanya watu wasio na la kufanya kiwandani: nilichukua karai, nikainama chini ya meza, nikaanza kuzoa unga wa mbao. Juu yangu walikuwa wakilisogeza gogo la tatu kwenye vyuma vya mviringo vya meza, na mashine ikawashwa tena.

Karai lilijaa haraka. Nilimwaga nyuma, nikarudi, likajaa tena. Mara ya tatu nilipoliinua lilikuwa zito kiasi kwamba nilililaza kwenye goti, na unga ukamwagika kwenye kiatu changu, mweupe, bado una unyevu. Nikasimama pale na karai gotini. Nikajiuliza swali la kijinga kabisa. Huu unga wote umetoka wapi?

Umetoka kwenye gogo. Ulikuwa mbao. Meno ya msumeno yana unene wao, karibu robo inchi, na kila yanapopita yanakula njia yao na kuigeuza unga. Mikato minne, inchi nzima. Programu yangu iligawanya magogo kama mtu anayegawanya karatasi kwa kalamu. Haikujua kwamba kukata kunakula. Mistari miwili miwili ya baba haikuwa ya macho mabaya. Ule uwazi katikati ulikuwa njia ya msumeno. Alikuwa ameuacha kila mahali, kwa makaa, kwa kupapasa, kipofu nusu, sahihi kabisa. Na mimi nilitema mate kwenye kitambaa nikaufuta.

Niligeuka. Baba alikuwa ameshafunga chuma na ameanza kusukuma. Gogo lile kubwa, la inchi kumi na mbili, ambalo karatasi yangu ililijaza mpaka ukingoni, lilikuwa likienda kwenye meno, kama futi mbili tu zimebaki. Likishaliwa upande ule, hakuna mpangilio mwingine ungeliokoa, na paa la mama lilikuwa humo. Neno lilifika mdomoni. Nililisikia likija, lile lile, kwa sauti ile ile ya miaka kumi. Nililiuma. Kwa kweli niliuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Nilichota kiganja cha unga kutoka kwenye karai na kulitupa karai chini. Nilikuwa upande wake wa kushoto, upande wa lile jicho la mvuke. Nikirusha kutoka hapo unga ungeweza kutua asiuone. Ikabidi nimzunguke kwa nyuma, nikipita mbali na mgongo wake, bila kukimbia, maana kukimbia pia hakuruhusiwi. Hatua saba au nane ambazo kila moja ilikuwa ndefu kama barabara ya Molo. Futi moja. Mzee upande wa pili alikuwa ameinamia meno, hanioni. Mkono wa baba wenye vidole vitatu ulikuwa umelala juu ya gogo, unasukuma taratibu. Nilifika kulia kwake, nikanyoosha mkono, nikarusha.

Unga ulitua kwenye ule mti mbele ya mkono wake. Baba aliinua mikono yote miwili. Akarudi nyuma hatua moja. Gogo likasimama, kati yake na meno pakabaki nafasi ya kuingiza kiganja.

Mzee akazima. Msumeno ulichukua muda wake kunyamaza.

"Ni nini?" baba aliuliza, na sasa ndipo aliponigeukia.

"Si macho yako," nilisema. "Baba, si macho yako. Ni mimi. Sikuhesabu ya msumeno. Computer yangu ilidhani mbao zinakatwa bila kuliwa. Yaani ulifunga chuma sawa mara zote. Zile laini zako za makaa ndio zilikuwa sawa, na nimezifuta."

Halafu mzee akapiga paja.

"Mimi niliona!" alisema. "Wallahi niliona, kumi haiwezi toa tano za mbili, hata mtoto wa hapa anajua. Lakini nikasema, hii ni mambo ya computer, labda imejua kitu sisi hatujui."

"Na wewe ukanyamaza?" baba akamwambia.

"Wewe je? Umepasua mbao miaka arobaini!"

"Mimi nilikuwa nasikiza yeye," baba alisema. "Sikuwa napiga hesabu. Nilikuwa nasikiza tu."

Nililia pale, sitaficha, nikiwa nimekaa juu ya gogo na laptopu mapajani. Nikaifungua na kuongeza robo inchi kwenye kila mkato. Kubadilisha programu kulinichukua dakika kumi. Programu ikazunguka, ikarudi nyuma, ikarudi tena mpaka mwanzo, ikasema hakuna jibu. Baba akauliza kama nimeiambia habari ya mabanzi, yale maganda ya nje yaliyochongwa ili gogo liwe mraba. Sikuwa nimeiambia; nilidhani ni takataka za kujengea jikoni. Akaninyanyua, akanipeleka kwenye rundo, akanipapasishia matumbo yake, mengine manene ya inchi tatu. Tukayapima moja moja, yeye akitaja kwa kidole gumba, mimi nikiandika. Nikaendesha tena. Vipande hamsini na vinane. Gogo la pili lilikuwa limetugharimu, na hakuna amri ya kulirudisha.

Nilimpigia mama. Nilimweleza yote, na kwamba tumepungukiwa na vipande vinne, na kwamba kosa ni langu, si la baba.

"Hivyo vinne ni vya wapi?" aliuliza.

"Tunaweza kuchagua, mum."

"Basi toeni baraza," alisema. "Nitachambulia mboga mlangoni." Akakata simu kabla sijasema pole. Nyumba yake mpaka leo haina baraza, na nikimkuta amekaa pale kizingitini, sufuria katikati ya miguu, najua nani alimkalisha hapo.

Nikaandika upya karatasi ya gogo la tatu. Baba alikuwa amekaa kando yangu akinywa chai kutoka kwenye kifuniko cha thermos, na mzee alikuwa ameenda kutafuta tupa ya kunolea meno. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma siku hiyo na sikuona pa kukomea.

"Baba," nilisema, "ile siku ya vidole. Hakukuwa na fundo."

Alipuliza chai yake.

"Ni mimi nilikuita. Nilikuwa nimetoka shule, nilikuwa nakuja kukuambia nimekuwa..."

"Namba moja," baba alisema. "Kati ya watoto hamsini na nane. Mwalimu aliandika kwa wino nyekundu."

Niliiweka karatasi chini.

"Niliipata kwa unga," alisema. "Wiki ya kwanza nikirudi kazi, nikizoa na mkono mmoja. Iko nyumbani kwa ile mkebe ya title deed ya shamba. Na sauti niliisikia siku hiyo hiyo, mami. Mtu hawezi kosa kujua sauti ya mtoto wake."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa mtoto, ulikuja na furaha yako." Alimwaga masalio ya chai chini. "Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe. Nikaona miaka inaenda, nikajua hutasema. Leo ungenyamaza pia, ningeenda nyumbani nikijua ni macho, na singegusa msumeno tena."

Alisimama, akanishika bega kwa ule mkono wa vidole vitatu ili ajiinue, ingawa hakuhitaji. Mzee alikuwa amerudi na amewasha. Baba akaenda mahali pake, akaweka kidole gumba kwenye alama, akaelekeza sikio upande wangu, akangoja.

"Tatu," nilisoma. Nikasoma tena, polepole. "Tatu, na ya msumeno."

Akafunga chuma, akasukuma.